Kuuliza ni Sehemu ya Tiba: Wasia kwa Wagonjwa wa Moyo na Jamaa Zao

HOTUBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyeuumba mwili wa mwanadamu kwa kipimo, akautia ndani yake pande dogo la nyama lisilolala usiku wala mchana, tangu tumboni mwa mama hadi saa ya kuondoka. Tunamsifu, tunamtaka msaada na tunamwomba msamaha. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba wake, na kila mwenye kuifuata njia yao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baad. Enyi ndugu Waislamu mliohudhuria katika msikiti wetu huu wa Kiwangwa, nanyi mnaotusikiliza majumbani kwa redio, akina baba na akina mama, wazee wetu na wanafunzi wetu, tunakuusieni, na tunaziusia nafsi zetu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu. Katika kumcha Mwenyezi Mungu ni kuitunza amana, na mwili ni amana. Katika kuitunza amana ni kuijua, kwani hawezi mtu kukitunza vizuri kitu asichokijua.

Maneno yetu ya leo yanawahusu wagonjwa wa moyo na wa shinikizo la damu, waliotoka hospitali wakiwa hai, wakapewa dawa, karatasi na tarehe ya kurudi, kisha wakaachwa na safari ndefu ya kuzirejesha nguvu zao. Katika safari hiyo wengi huangushwa na jambo moja dogo: kutolielewa neno waliloambiwa, na kuona haya kuuliza. Wala hatuyasemi haya kwa kuwalaumu wengine, kwani lawama ya kwanza katika jambo hili ni yetu sisi wenyewe, na tumekusudia leo kuisema mbele yenu.

Miaka michache iliyopita, katika mwezi wa Shaabani, alitujia mzee mmoja wa hapa petu, mkulima wa mananasi, mtu wa safu ya mbele na wa sala ya Alfajiri. Alikuwa amelazwa Dar es Salaam kwa maradhi ya moyo, na amerudi siku hizo. Mkononi alikuwa na barua iliyoandikwa kwa Kiingereza na bahasha tatu za dawa. Juu ya bahasha ya kwanza pameandikwa 1x1, juu ya pili 1x2, na juu ya tatu 1x3. Akatuambia, "Shehe, mimi hesabu hizi sizijui, na Ramadhani hiyo imekaribia. Nifunge au nisifunge? Na nikifunga, dawa za mchana nizifanyeje?"

Tulikuwa tumeketi barazani na wanafunzi wetu wametuzunguka. Tumetumia miaka mingi katika madrasa na katika chuo, na tumezoea kuulizwa na kujibu. Hatukumwambia, "Mzee wetu, hili hatulijui, twende pamoja kwa mganga." Tulizitazama zile bahasha, tukahesabu moja na mbili na tatu, tukamjibu kwa sauti ya mtu ajuaye: "Funga, Mwenyezi Mungu atakupa nguvu. Vidonge vyote sita vimeze kwa pamoja wakati wa daku."

Akatushukuru, akatuombea dua, akaenda zake. Siku ya saba ya Ramadhani, baada ya adhuhuri, alikutwa ameanguka kati ya matuta ya shamba lake, macho yamepinduka na midomo imekauka. Vijana walimbeba hadi barabarani, na Mwenyezi Mungu akaileta gari. Mganga aliyempokea hospitali alipokwisha kuzisikia habari zake, alieleza ya kuwa moja ya dawa zile hutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo, na nyingine hushusha shinikizo la damu, na ndiyo maana hugawanywa asubuhi, mchana na usiku. Mzee alizimeza zote kwa mkupuo, kisha akashinda juani bila ya tone la maji. Damu ikakosa nguvu ya kupanda kichwani. Ni kwa rehema ya Mwenyezi Mungu tu kwamba hatukumzika.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, usiku ule hatukulala. Tulikumbuka habari tuliyoisoma tukiwa vijana na kuwasomesha wengine mara nyingi, wala haikutujia tulipoihitaji. Ni habari aliyoipokea Jabir bin Abdillah (R.A.), nayo imo katika Sunan ya Abu Daud. Masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe, akajeruhiwa kichwani. Kisha usingizini akapatwa na janaba. Akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia ya kuwa hawaoni ruhusa, maadamu maji anayaweza. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alikasirika sana, akawahesabu waliomjibu kuwa ndio waliomuua, akauliza kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui, na akabainisha kwamba maradhi ya kutojua huponywa kwa kuuliza.

Itazameni hadithi hiyo kwa makini. Wale hawakuwa maadui wa mgonjwa. Walikuwa wenziwe katika njia ya Mwenyezi Mungu. Hawakumtakia shari. Walimpa jibu la haraka juu ya jambo la mwili ambalo hawakulijua, na jibu hilo likafanya kazi ya upanga. Basi sisi tulifanya lile lile, isipokuwa mgonjwa wetu alipona.

Tulipomwendea hospitali kumtaka radhi, hakutukemea. Alitushika mkono, akasema, "Shehe, ubaya hukunitendea. Lakini ungeniambia hujui, ningekwenda kuuliza kwa ajuaye." Neno hilo tumelibeba tangu siku hiyo, na ndilo lililotupandisha juu ya mimbari hii leo.

Ndugu Waislamu, imepokewa katika Sunan ya Abu Daud vile vile, ingawa wapo wanavyuoni wa Hadithi walioiona sanadi yake kuwa na udhaifu, ya kuwa Saad bin Abi Waqqas (R.A.) aliugua, na Mtume (S.A.W.) akaenda kumtazama. Akaweka mkono wake mtukufu juu ya kifua chake, akamwambia ya kuwa ana maradhi ya moyo, akamwelekeza kwa Al-Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif, aliyekuwa tabibu. Na katika habari nyingine zilizo mashuhuri, Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha waja wa Mwenyezi Mungu wajitibu, akaeleza ya kuwa hapana ugonjwa ulioteremshwa ila umeteremshiwa dawa yake, isipokuwa uzee. Na Qurani Tukufu, katika Suratun-Nahl, inatuamrisha tuwaulize wenye ujuzi pale tusipokuwa na ujuzi. Na katika Suratul-Israa inatukataza kuyafuata tusiyo na ilimu nayo, na inatukumbusha kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa.

Sasa tuyatazame maradhi haya yalivyo katika nchi yetu. Uchunguzi uliofanywa Ilala katika Dar es Salaam na katika wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2000, ulionyesha ya kuwa katika kila watu 100 wenye shinikizo kubwa la damu, hawakutimia 20 waliojua kwamba wanalo; takribani 10 ndio waliokuwa wakitibiwa; na waliokuwa wamelidhibiti hawakufika hata mmoja. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ukaonyesha ya kuwa takribani robo ya watu wazima wa umri wa miaka 25 hadi 64 wanalo. Na katika hospitali ya Muhimbili, madaktari waliwafuatilia wagonjwa 427 wa moyo uliodhoofika, wakatoa matokeo yao mwaka 2014. Nusu yao hawakuwa wamezidi miaka 55, yaani watu wenye watoto shuleni na mashamba ya kulima. Na sababu iliyokuwa kubwa kupita zote, kwa watu 45 katika kila 100, ilikuwa ni shinikizo la damu.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba wengi wanaofika hospitali wamevimba miguu na wanahema kama waliopanda mlima, safari yao ilianza miaka mingi nyuma, kwa ugonjwa usio na maumivu ambao hawakuujua, au waliambiwa wasielewe, au walielewa kisha wakaacha dawa. Dar es Salaam walipimwa watu mtaani, na waliokutwa na shinikizo kubwa la kudumu wakashauriwa waende kutibiwa. Ulipopita mwaka mmoja, ni takribani theluthi yao tu waliokuwa wamekwenda. Walipoulizwa sababu, wapo waliosema gharama, na hilo ni kweli na linahitaji kutazamwa na wenye madaraka. Lakini wapo pia waliosema hawajisikii kuumwa. Mtu akiambiwa ana ugonjwa, naye halioni jeraha wala hasikii homa, hulidhania neno la mganga kuwa ni la bure.

Hapo ndipo linapokuja suala la lugha na la kufahamu. Sisi watu wa pwani tunalo neno moyo, nalo tumelitwika mizigo mingi. Mtu akitaka kutapika husema moyo wamchafuka. Mkarimu husifiwa kwa moyo mkubwa. Jasiri huambiwa ana moyo. Basi akienda mzee hospitali, akaambiwa kwa upole ya kuwa moyo wake umekuwa mkubwa, ni jambo la ajabu gani akirudi nyumbani akitabasamu? Mganga alikusudia kuwa msuli wa moyo umetanuka na kulegea kama mpira uliochoka, hausukumi tena damu kama inavyopasa, na kwa hiyo maji yanarudi nyuma na kujaa mapafuni na miguuni. Mgonjwa alisikia sifa. Neno lilikuwa moja, na kila mmoja akaondoka na maana yake.

Vile vile watu wetu wameigawa presha mafungu mawili, presha ya kupanda na presha ya kushuka, wakaona kila mtu ana yake. Mwenye kizunguzungu huhukumiwa na jirani kuwa presha yake ni ya kushuka, akapewa maji ya chumvi anywe, naye huenda akawa ni yule ambaye chumvi ni sumu yake. Hukumu ya presha haitolewi kwa kizunguzungu wala kwa uso kuwa mwekundu. Hutolewa kwa kipimo. Na dawa ya presha si kama dawa ya malaria, inayomezwa siku tatu ikesha. Presha ikipimwa ikaonekana imetulia, ni kwa sababu dawa inafanya kazi, wala si kwa sababu ugonjwa umeondoka. Nyinyi wakulima wa mananasi wa Kiwangwa mnalijua hili kuliko wengi. Mche wa nanasi hukaa shambani zaidi ya mwaka kabla hujala tunda lake. Je, yuko mkulima aliyeona shamba limependeza mwezi wa nne akatupa jembe, akasema magugu yamekwisha? Basi na mwenye maradhi haya jembe lake ni dawa yake.

Na wapo wanaosema, "Haya yote ya nini? Kilichoandikwa kimeandikwa." Tunawajibu kwa habari ya Sayyidna Umar (R.A.), iliyomo katika Sahihi ya Bukhari. Alipokuwa akienda Shamu akapata habari ya tauni, aliamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Akamjibu ya kuwa naam, wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari ya Mwenyezi Mungu. Ugonjwa ni kadari, dawa ni kadari, na mganga mwenye kukueleza ukaelewa ni kadari pia. Katika Suratul-Baqarah tumekatazwa kujitupa katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe.

Tumeyasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

HOTUBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu kwa neema ya uhai na neema ya akili. Rehema na amani zimshukie Mtume wake mwaminifu.

Enyi ndugu Waislamu, katika hotuba hii ya pili tunataka kuyasema yanayotendeka. Na tulianza kwa kujifunza sisi wenyewe. Baada ya msiba ule tuliomsababishia mzee wetu, tulifuatana naye katika safari zake za kurudi kwa waganga, si kama shehe bali kama mwanafunzi. Tuliketi, tukasikiliza, tukauliza, na haya ndiyo tuliyojifunza.

La kwanza: msiondoke mbele ya mganga ila mmeyarudia kwa vinywa vyenu yale aliyowaambia. Wala hilo si jambo geni kwetu. Ndivyo tunavyosoma Qurani: mwalimu husoma, mwanafunzi hurudia, na mwalimu husahihisha. Mtume (S.A.W.) alimfundisha Al-Baraa bin Azib (R.A.) dua ya kulala. Al-Baraa akairudia mbele yake, akabadilisha neno moja, akaweka Mtume mahali pa Nabii, naye Mtume (S.A.W.) akamrudisha kwenye neno alilomfundisha. Na Anas (R.A.) ametupokelea ya kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akilirudia neno mara tatu mpaka lifahamike. Ikiwa aliyepewa ufasaha kuliko viumbe wote alirudia mara tatu, mganga wetu asione uzito kurudia mara mbili, na mgonjwa asione haya kuomba. Semeni, "Daktari, naomba nikuelezee nilivyofahamu, unisahihishe." Wahenga wetu walisema kuuliza si ujinga.

La pili: yajueni maandishi ya bahasha. Namba ya kwanza ni hesabu ya vidonge vya kumeza kwa mara moja. Namba ya pili ni hesabu ya nyakati katika siku. Kwa hiyo 1x3 ni kidonge kimoja, mara tatu kwa siku, yaani kila baada ya saa nane. 2x1 ni vidonge viwili kwa pamoja, mara moja kwa siku. Wala msiishie hapo. Ulizeni kila dawa jina lake ni nini, kazi yake ni ipi, imezwe kabla ya chakula au baada, na ikisahauliwa ifanyweje. Asiyejua kusoma na afuatane na mwenye kujua.

La tatu: zijueni dalili za hatari. Mgonjwa ambaye moyo wake umedhoofika na ajipime uzito kila asubuhi akipata mzani, baada ya kwenda haja na kabla ya kula, na auandike. Uzito ukizidi kilo mbili kwa muda wa siku tatu, hayo si mafuta ya mwili. Ni maji yanayojaa, na apasa kurudi kwa mganga bila ya kungoja tarehe. Kadhalika miguu ikivimba, pumzi ikikatika kwa kazi ndogo, kikohozi kikimwamsha usiku, au akihitaji mito miwili mitatu ili apate kulala. Na maumivu ya kubana katikati ya kifua, yakienda mkononi au tayani, pamoja na jasho baridi, hayo hayangojwi hadi asubuhi wala hayakandwi kwa mafuta nyumbani. Mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile.

La nne: mwendo. Zamani wagonjwa wa moyo walilazwa kitandani wiki nyingi, hata kugeuka wakigeuzwa, mpaka nguvu zikawaisha kwa kulala. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Boston nchini Marekani, Samuel Levine na Bernard Lown, walieleza faida ya kuwaketisha wagonjwa kitini mapema badala ya kuwalaza moja kwa moja. Tangu hapo ilimu imesonga mbele, hata leo mazoezi yanayopimwa, mafunzo na nasaha ni sehemu ya tiba, na imethibiti ya kuwa hupunguza vifo vya maradhi ya moyo na kurudishwa wodini. Kwa hiyo mgonjwa aliyeruhusiwa na mganga wake na atembee, aanze kwa hatua chache, aongeze kidogo kidogo. Kipimo chepesi ni hiki: ukitembea ukaweza kuzungumza na mwenzio, mwendo huo ni wako, ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha, pumzika. Kutembea kuja msikitini kuna thawabu na kuna afya. Na asiyeweza kusimama katika sala, ameruhusiwa kuketi, kama Mtume (S.A.W.) alivyomwelekeza Imran bin Husayn (R.A.).

La tano ni kwa akina mama na mabinti, na kwa kila mwenye kushika mwiko jikoni. Chumvi huyashika maji mwilini. Shirika la Afya la Dunia limeshauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, nazo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote cha siku. Ng'onda na dagaa wa chumvi, na viungo vya kiwandani vya kukolezea mchuzi, vyote vina chumvi hata kama hukuitia kwa mkono wako. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na nyanya vitatia ladha. Wala msimpikie mgonjwa sufuria ya peke yake kama aliyetengwa. Nyumba nzima ipunguze, na nyumba nzima itafaidika. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuligawa tumbo mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Na mwenye kuvuta tumbaku, hakuna dawa ya moyo itakayomfaa vizuri maadamu moshi unaendelea.

La sita: msichanganye dawa kwa ushauri wa barazani. Dawa za maumivu zinazonunuliwa dukani, kama diklofenaki, zaweza kupandisha presha na kuzuia maji mwilini. Mwenye kutumia miti shamba na amwambie mganga wake waziwazi, asiogope kukaripiwa. Waliowekewa mlango wa bandia katika moyo, wakapewa dawa ya kuizuia damu isigande iitwayo wafarini, wana sharti la kupimwa damu mara kwa mara; na mboga za majani, kama mchicha na kisamvu, wazile kwa kiasi kisichobadilika badilika, kwa kuwa wingi wake hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Mwanamke anayeitumia na atake ushauri kabla ya kushika mimba, kwani dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto tumboni.

La saba ni kwa walimu wa madrasa na wazazi. Mtoto akiumwa koo pamoja na homa, msilidharau. Koo lisilotibiwa laweza kuleta homa ya viungo, na homa hiyo, ikijirudia, huiharibu milango ya moyo. Mtoto aliyekwisha kupatwa huandikiwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Mwalimu, mpe ruhusa siku yake ya sindano, wala usimwandike mtoro. Mzazi, usiache kumpeleka kwa sababu unamwona anacheza.

La nane ni kwa wagonjwa wote na kwa maimamu wenzetu. Ramadhani isimkute mgonjwa hajauliza. Mwenyezi Mungu, katika Suratul-Baqarah, amemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Na ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kuondoka, wanavyuoni wamebainisha fidia ya kumlisha maskini. Lakini ni nani mgonjwa ambaye saumu itamdhuru? Hilo halijulikani kwa kuzitazama bahasha barazani. Wapo ambao mganga atazipanga upya dawa zao wakaweza kufunga, na wapo ambao kufunga kwao ni hatari. Enyi maimamu, mkiulizwa, semeni kwanza, "Mganga wako amesemaje?" Imamu Malik, pamoja na bahari yake ya ilimu, hakuona haya kusema hajui. Neno sijui halimshushi mwanachuoni. Jibu lisilo na ilimu ndilo linalomshusha, na pengine humteremsha na mwingine kaburini.

Ndugu zangu, mlango wa tiba siku hizi umekuwa karibu kuliko zamani. Walikuwako wagonjwa wa moyo waliopelekwa India kwa gharama kubwa. Mwaka 2008 upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo yenye jina la Rais wa awamu ya nne, Jakaya Kikwete, mzaliwa wa Msoga, jirani zetu. Barabara ya lami ya Msata hadi Bagamoyo inapita hapa hapa petu. Lakini barabara humfikisha mtu mlangoni tu. Ndani huingia kwa kuuliza na kufahamu. Nasi ni watu wa Bagamoyo, mji wa Sheikh Ramiya na wanafunzi wake, mji ambao watu walisafiri kuujia kwa ajili ya kusoma. Haitupasi kuwa watu wa kuona haya kujifunza.

Mtauliza habari za mzee wetu. Yu hai, alhamdulillahi, na leo ameketi penye nguzo aliyoizoea. Mjukuu wake, binti wa darasa la saba, amempigia mistari katika daftari la shule: safu ya uzito, safu ya dawa za asubuhi, safu ya mchana, safu ya usiku. Kila kidonge kikimezwa, huweka alama. Siku moja tulipomtembelea, binti yule alituuliza mbele ya babu yake, "Shehe, unajua kazi ya kidonge hiki cheupe?" Tukamwambia, "Hatujui, mwanangu. Tufundishe." Babu yake akacheka mpaka akashika kifua, na binti akatufundisha.

Kwa hiyo tumekubaliana na wazee wa msikiti: kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, baada ya sala, vijana waliosoma watakaa barazani kuwasomea wagonjwa bahasha zao na tarehe zao za kurudi. Watasoma yaliyoandikwa tu, hawatatoa hukumu ya tiba. Lisilofahamika litaandikwa kwenye karatasi, lipelekwe kwa mganga likaulizwe. Nanyi mnaotusikia katika miji mingine, fanyeni kama hivyo katika misikiti yenu. Ni kazi isiyohitaji fedha.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, na uwape subira wanaowauguza. Wape waganga wetu ilimu yenye manufaa na ulimi mwepesi wa kufahamisha. Tupe sisi unyenyekevu wa kuuliza tusiyoyajua, na ushujaa wa kusema hatujui. Tusamehe kwa kila jibu tulilolitoa bila ya ilimu likamdhuru mja wako. Warehemu waliotutangulia, na uzitengeneze nyoyo zetu, za nyama na za imani. Amin.

Simamisheni sala.